Transmita ya FM inachakacha, inakata au haisikiki: tafuta chanzo kabla ya kununua nyingine

Transmita ndogo ya FM ina kazi moja. Inachukua muziki kutoka kwenye simu, flashi au memori kadi na kuurusha hewani, ili redio ya gari au ya nyumbani iudake kama inavyodaka stesheni yoyote. Malalamiko juu ya kifaa hiki ni yale yale siku zote: inachakacha, inaingiliwa, haisikiki, sauti imepwaya. Wengi huishia kuitupa na kununua nyingine, na hiyo mpya nayo huanza kuchakacha vile vile. Inauma, kwa sababu mara nyingi ile ya kwanza ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni masafa yaliyo wazi, au njia nzuri kati ya transmita na antena.

Transmita hizi zimetengenezwa dhaifu kwa makusudi, zisije zikawasumbua majirani na stesheni halali. Ulaya kikomo cha nguvu yake ni nanowati 50 (nanowati ni sehemu moja ya bilioni ya wati). Marekani hawahesabu wati. Wanapima ukali wa mawimbi, usizidi maikrovolti 250 kwa mita, kwa umbali wa mita 3 kutoka kwenye kifaa. Stesheni kubwa hurusha kwa maelfu ya wati. Redio ya FM nayo ina tabia ya kushika mawimbi yenye nguvu zaidi na kuyafuta yaliyo dhaifu, kwa hiyo transmita yako ikikutana na stesheni kwenye masafa mamoja, ni mtu anayenong'ona mbele ya spika za mkutano.

## Anza na kipimo cha ukimya

Kabla ya kugusa kitu kingine, fanya kipimo hiki. Kitakuonyesha tatizo liko upande gani, na huhitaji kifaa chochote cha ziada.

Weka redio kwenye masafa yasiyo na stesheni, usikie ule mchakacho wa "shshsh". Sasa washa transmita kwenye masafa hayo hayo bila kucheza muziki. Mchakacho ukikatika na redio ikanyamaza, redio imeidaka transmita. Kama muziki hautoki, tafuta kosa kati ya simu na transmita. Mchakacho ukiendelea kama ulivyokuwa, redio haiioni kabisa, na kuhangaika na simu ni kupoteza muda.

Redio nyingi za magari hupunguza mchakacho zenyewe, hivyo ongeza sauti na usikilize kwa makini. Zipo pia transmita za betri zinazojizima muda mfupi tu baada ya muziki kusimama. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, cheza wimbo huku sauti ya simu ukiwa umeishusha karibu na sifuri.

## Dalili: haiwaki kabisa

Sababu inayoongoza ni ndogo kiasi cha kusahaulika: plagi haijakaa vizuri kwenye soketi ya sigara. Itazame plagi. Nchani kuna pini yenye springi, na ubavuni kuna vibati viwili vinavyobana ukuta wa soketi. Ibonyeze pini kwa kidole. Inapaswa kurudi yenyewe. Ikikwama ndani kwa uchafu, au vibati vikiwa vimelala, umeme haupiti hata kama plagi inaonekana imezama yote. Ichomeke tena huku ukiizungusha kidogo, kwa sababu mara nyingi mzunguko huo peke yake hukwangua kutu na taa ikawaka.

Cha pili ni ufunguo. Magari mengi hayapeleki umeme kwenye soketi hadi ufunguo ufike ACC, ile hatua ya kabla ya kuwasha injini. Cha tatu, chomeka chaja ya simu unayojua ni nzima. Ikichaji, soketi iko sawa na tatizo ni la transmita yenyewe. Plagi nyingine ncha yake hufunguka kwa kuzungushwa, na ndani mna fyuzi ndogo ya kioo ambayo waya wake huweza kuwa umekatika. Chaja nayo ikikataa, tafuta fyuzi ya soketi kwenye kasha la fyuzi. Mchoro wake huwa kwenye kifuniko au kwenye kitabu cha gari.

Angalia pia kama kuna sarafu au kipande cha karatasi ya foili kilichodondokea ndani ya soketi. Hapa nina ombi la dhati: usiingize bisibisi wala koleo mle kabla ya kuchomoa fyuzi. Katikati ya soketi ni chanya, ukuta wake ni hasi, na chuma kikigusa vyote viwili ni shoti. Kuzima gari hakutoshi, kwani kuna magari ambayo soketi yake ina umeme muda wote.

Fyuzi ikiwa imeungua, weka nyingine yenye namba ile ile ya ampia. Ya pili nayo ikiungua, acha. Kuweka kubwa zaidi au kuizungushia waya ni kuuhamishia moto kwenye nyaya za gari. Hiyo ni kazi ya fundi umeme wa magari.

Kwa wenye malori na mabasi: mengi hutumia volti 24. Soma maandishi kwenye transmita kabla ya kuchomeka. Iliyoandikwa 12V peke yake itaungua. Unayoihitaji ni iliyoandikwa 12–24V.

## Dalili: imewaka, lakini redio haiioni

Linganisha namba kwanza. Transmita nyingine husahau masafa kila zinapozimwa na kurudi kwenye yale ya kiwandani, kwa hiyo 98.3 uliyoiweka jana leo inaweza kuwa 87.5. Halafu hakikisha redio iko FM. Ikiwa kwenye AM, AUX au redio ya kidijitali ya DAB, haitaisikia transmita hata ukiibandika juu yake.

Kisha kuna suala la hatua za masafa. Redio zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huruka kwa hatua za 0.2 na kusimama kwenye namba witiri tu baada ya nukta: 88.1, 88.3, 88.5. Ukiweka transmita 98.0, redio hiyo itakupeleka 97.9 au 98.1 na muziki utasikika umepinda au usisikike kabisa. Chagua masafa yanayoishia na 1, 3, 5, 7 au 9, na tatizo limekwisha.

Sababu inayofuata huwasumbua sana wenye magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani, na ndiyo ambayo watu huchelewa zaidi kuitambua. Sehemu nyingi za dunia FM huanzia 87.5 hadi 108. Redio za zamani za Kijapani huanzia 76 na kuishia 90. Baadhi ya zile za karibuni hufika 95 au 108. Ukiwa na ile ya zamani isiyoongezewa chochote, eneo unaloweza kutumia ni dogo, kuanzia 87.5 hadi 90. Weka transmita humo, mathalani 88.3, na redio uiweke 88.3.

Lakini mengi ya magari hayo yamefungiwa ekspanda, kile kiboksi kidogo kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa ili redio ipate stesheni za juu. Hapo namba hazilingani tena. Chukua stesheni unayoijua masafa yake halisi, uone redio inaionyesha wapi. Kama stesheni ya 100.0 inatokea 86.0, ekspanda yako inashusha kwa 14. Basi transmita ukiiweka 98.0, itafute redioni kwenye 84.0. Na ukiiweka 88.1, ikishushwa inakuwa 74.1, chini ya mwanzo wa redio, kwa hiyo hutaipata kwa njia hiyo. Hakuna kilichoharibika hapo. Ni hesabu tu ya kutoa.

Mwisho kwenye dalili hii ni antena. Jaribu stesheni za kawaida. Kama nazo zimefifia, au zinasikika zile kubwa tu, waya wa antena umechomoka nyuma ya redio au umekatika. Kuitoa redio kwenye dashibodi kunahitaji uzoefu, hasa magari yenye mifuko ya hewa ambayo nyaya zake zinapita karibu na hapo. Mwachie fundi.

## Dalili: muziki upo, lakini na mchakacho au stesheni nyingine chini yake

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na katika visa vingi dawa yake ni masafa.

Zima transmita. Pita redioni hatua kwa hatua kwa mkono, usitumie kitufe cha kutafuta stesheni. Kitufe kile husimama kwenye stesheni zenye nguvu na kuziruka dhaifu, na hizo dhaifu zinatosha kabisa kukuharibia wimbo. Unatafuta mahali penye mchakacho mtupu, pasipo na sauti ya mtu wala muziki wa mbali. Ukipapata, sogea 0.2 juu na 0.2 chini, napo pawe patupu, kwa sababu stesheni kubwa jirani humwagikia pembeni. Watu hupenda kukimbilia mwanzoni kabisa, 87.5 hadi 88.5, au mwishoni, 107 hadi 108. Mara nyingi huwa kimya, lakini si kila mahali, kwa hiyo sikiliza kwanza.

Transmita zenye kitufe cha kujitafutia masafa ni msaada, ila zinapima hewa pale zilipo zenyewe, kwenye dashibodi, ilhali antena iko nje na inasikia mengi zaidi. Yaamini masikio yako kuliko kitufe hicho.

Ukiwa safarini, kuchakacha ghafla baada ya mwendo mrefu ni kawaida. Umeingia eneo la stesheni nyingine na masafa yaliyokuwa wazi yamepata mwenyewe. Tafuta masafa mawili au matatu mazuri kabla ya kuondoka, uyahifadhi kwenye vitufe vya redio, ili ubadilishe bila kuondoa macho barabarani. Yote yakikataa, egesha ndipo utafute mengine.

Ukishahakikisha masafa ni safi na mchakacho bado upo, tatizo ni njia. Bodi la gari ni chuma. Antena ikiwa juu ya paa au ubavuni mwa boneti, mawimbi ya transmita iliyo ndani lazima yapenye madirishani ili kuifikia. Ijue antena yako iko wapi. Kwenye magari mengine ni nyuzi nyembamba zilizopigwa kwenye kioo cha nyuma. Kama kuna soketi ya nyuma, jaribu hiyo. Kama hakuna, tumia waya wa kurefusha soketi, uisogeze transmita taratibu huku mwenzako akisikiliza. Sentimita chache huweza kubadilisha kila kitu. Utaona hata mkono ukipita karibu nayo sauti inabadilika. Waya wa kuchajia uliochomekwa kwenye transmita nao unaweza kufanya kazi kama sehemu ya antena yake, hivyo jaribu kuunyoosha, kuuhamishia upande mwingine, kisha kuuchomoa.

Zile ndogo za betri zinazochomekwa kwenye tundu la hedifoni, nyingi hutumia waya wa sauti kama antena. Ukiukunja na kuufunga kwa mpira ili upendeze, umeifunga na sauti. Uachie urefu wake wote. Nyumbani, weka transmita ndani ya mita moja kutoka kwenye redio, vuta antena ya redio hadi mwisho, na betri ikianza kuchoka ibadilishe.

Bado? Zima kamera ya dashibodi na taa za LED za bei nafuu, moja baada ya nyingine. Zote mbili zinajulikana kwa kumwaga kelele kwenye FM. Nyumbani wahusika ni chaja na balbu za LED. Redio yako ikiwa na kitufe cha mono, kibonyeze: FM ya stereo inahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi, na kuiacha kunapunguza mchakacho sana. Kwenye gari linalovuma barabarani, muziki wa mono uliotulia ni bora kuliko wa stereo unaokwaruza.

Usifungue transmita kuiunganishia antena ndefu au kipaza nguvu. Kwenye nchi nyingi ni kinyume cha sheria. Tena juu tu ya 108 yanaanza masafa ya usafiri wa anga, na transmita iliyochokonolewa huweza kurusha uchafu hadi huko bila mwenyewe kujua.

## Dalili: redio inahama yenyewe katikati ya wimbo

Zima AF na TA kwenye menyu ya redio. AF huiruhusu redio kuhamia masafa mengine ya stesheni ile ile inapoona mawimbi yamedhoofika, na TA hukatiza unachosikiliza ili kuleta taarifa za barabarani. Kwa stesheni za kweli ni huduma nzuri. Kwa transmita ni usumbufu mtupu.

## Dalili: mchakacho umekatika, lakini muziki hautoki

Redio imeidaka transmita. Kama unatumia Bluetooth, chanzo kinachoongoza ni simu kuungana na kifaa kingine, iwe spika ya chumbani au simu ya mtu mwingine iliyowahi transmita. Zima Bluetooth ya simu zote nyingine zilizo karibu, kisha ujaribu tena.

Pili, simu imeungana kwa ajili ya kupiga na kupokea tu. Ingia kwenye mipangilio ya kifaa hicho ndani ya Bluetooth, uhakikishe sehemu ya sauti za muziki imewashwa. Tatu, transmita iko kwenye modi ya flashi au kadi. Bonyeza kitufe cha modi hadi irudi Bluetooth. Ikikataa yote, ifute transmita kwenye orodha ya simu, izime, iwashe, uiunganishe upya. Ikiomba namba ya siri, nyingi hukubali 0000 au 1234.

Kwa wanaotumia waya, sukuma plagi hadi usikie imegota. Ikisimama njiani, utasikia upande mmoja tu, au ala zinasikika huku mwimbaji amepotea. Kava nene la simu ndilo huizuia mara nyingi.

Na flashi isiyosomwa? Karibu kila mara ni umbizo (fomati), yaani namna flashi ilivyopangwa kuhifadhi mafaili. Inapaswa kuwa FAT32, si NTFS wala exFAT, na nyimbo ziwe MP3. Hamisha nyimbo kwenye kompyuta kwanza, kwa sababu kuiumbiza upya flashi hufuta kila kilichomo.

## Dalili: sauti ndogo, au inapasuka

Kuna sauti tatu za kupanga: ya simu, ya transmita, ya redio. Sauti ikiwa ndogo kwenye simu, utalazimika kuipandisha redio juu sana, na mchakacho utapanda nayo. Kisha ukirudi kwenye stesheni ya kawaida, inakulipukia masikioni. Sauti ikizidi kwenye simu na transmita, mawimbi yanatanuka kupita nafasi yake na besi zinapasuka hata redio ikiwa chini.

Weka simu karibu asilimia 80, transmita katikati, halafu rekebisha kwa redio pekee. Ikipasuka bado, shusha transmita kabla ya simu. Zima pia ekwalaiza na viongeza besi vya simu, kwani ndivyo wahusika wakuu. Jaribu wimbo mwingine pia. Faili lililorekodiwa vibaya halitengenezwi na kifaa chochote.

## Dalili: mlio mwembamba unaopanda na kushuka na injini

Kanyaga mafuta gari likiwa limesimama na gia huru. Mlio ukipanda pamoja na injini, umeme wa alternata, jenereta inayochaji betri ya gari, unapenya kwenye muziki. Hutokea zaidi simu inapochajiwa kwenye gari huku imeunganishwa na transmita kwa waya wa sauti, maana kunakuwa na njia mbili za hasi na kelele inazunguka humo. Chomoa chaja. Mlio ukitoweka, una chaguo mbili: hamia Bluetooth, au weka kichujio cha kutenganisha hasi kwenye waya wa sauti. Mlio ukibaki hata simu ikiwa kwenye betri yake, jaribu soketi nyingine.

Ukisikika hata kwenye stesheni za kawaida, transmita haihusiki. Ikiwa pia taa za gari zinafifia au taa ya betri inawaka kwenye dashibodi, alternata ndiyo ya kupimwa, na mapema, kabla gari halijazima njiani.

## Pale pa kuacha

Uvuguvugu kidogo ni kawaida, hasa ikiwa inachaji simu. Isiyo ya kawaida ni plagi isiyoshikika kwa joto, harufu ya plastiki, soketi iliyobadilika rangi, au moshi. Zima gari, acha plagi ipoe, uichomoe, na usiirudishe hata kwa majaribio. Soketi iliyoyeyuka hubana vibaya, na mahali pa kubana vibaya ndipo joto linapozaliwa. Transmita mpya itaungua humo humo. Soketi hiyo abadilishe fundi umeme wa magari. Ile ya betri ikivimba, usiichaji wala kuitoboa. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, na uipeleke wanapopokea betri chakavu.

Kama transmita inachakacha kwenye redio mbili tofauti, kwa simu mbili tofauti, kwenye masafa uliyoyahakiki kwa masikio, hapo imekufa. Ndani yake hamna cha kutengeneza kinachozidi gharama ya kununua nyingine, na hapo kununua ni halali.